Mkutano Uliokuja Umeshapikwa

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa na simu mbili. Moja ya kupigiwa na mkewe, nyingine ya kupokelea vifaa. Ukisikia vifaa, usidhani ni chaki au madawati. Vifaa kwake vilikuwa ni mafaili yanayorushwa kwenye grupu za walimu usiku na mchana: maazimio ya kazi, maandalio ya somo, mitihani pamoja na majibu yake, maoni ya kujaza kwenye ripoti, hotuba za gwaride. Alipopandishwa cheo akagundua kwamba hata uongozi unauzwa hivyohivyo, tena kwa vifurushi, mtu anafungua tu na kuongoza.

Sisemi vifaa hivyo ni haramu. Shule yetu iko nje ya mji wa Garissa, kwenye barabara ya kwenda Ijara, na walimu ni wa kuazimana. Wa kutoka mbali wakisikia habari za mashambulizi redioni, kesho hawapo. Mimi nilikuwa na Kiswahili, hesabu na sayansi, na jioni nakagua bweni la wasichana. Ukiniletea andalio la somo lililo tayari, nitakuombea dua. Lakini lazima mtu atafune kabla ya kumeza, jamani. Mkuu wetu hakuwa akitafuna.

Gwaride la kufungua muhula wa pili alitusomea hotuba ya kupendeza sana. Alituonya juu ya baridi kali inayokuja, akataka kila mtoto awe na sweta mbili. Tulikuwa tumesimama juani saa tatu asubuhi, jasho linatuchuruzika mpaka kwenye viatu. Akaendelea. Akawashukuru wazazi wetu wakulima wa majani chai kwa uvumilivu wao, na akaipongeza kwaya ya shule kwa kuimba vizuri siku ya Krismasi. Shule nzima ni Waislamu, kuanzia yeye mwenyewe mpaka mlinzi wa geti. Nilipomfuata ofisini nikamwuliza kwaya gani hiyo, akanitazama kwa huruma, akasema, abaayo, hizi ni hotuba za kiwango cha kitaifa. Abaayo ni dada kwa Kisomali, na yeye akinibishia hakosi kuniita hivyo.

Kilichoniudhi ni kwamba mtu huyu hakuwa mjinga. Ni mtoto wa wafugaji wa Wajir, amekua nyuma ya ngamia. Mketishe kwenye mkeka, mpe chai ya maziwa, uone. Atakusimulia jinsi walivyohama na mama yake mwaka wa kiangazi mpaka usahau una kipindi darasani. Mpe karatasi, basi. Sauti inabadilika, shingo inakakamaa, maneno yanatoka kama anasomewa mashtaka.

Darasa la sita nilikuwa na msichana mmoja. Siku moja nilikuwa nafundisha kwa andalio la Mkuu, kwa amri yake, nikafika mahali pameandikwa kwamba wanafunzi watembelee shamba la majani chai lililo karibu. Msichana akainua mkono. Akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, karibu na nani?" Nilicheka mpaka nikakaa. Alikuwa hivyo. Swali lake lilikuwa fupi, halafu anakungoja na macho yake makubwa, na wewe ndiye unayetafuta pa kujificha.

Watoto wa aina hiyo hawazaliwi kila siku, na huyu tulikuwa karibu kumpoteza. Mvua zilikuwa zimetukimbia, na baba yake alikuwa anahamisha mifugo kuelekea upande wa Sangailu, familia yote pamoja naye. Mjini hawakuwa na ndugu wa kumwachia. Lililobaki lilikuwa bweni letu. Akihama nao, mtihani wa mwisho wa darasa la sita ungemkuta nyikani, na msichana akishakaa nyikani mwaka mzima katika umri ule, watu huanza kumtazama kwa macho mengine. Mama yake alilijua hilo. Alikuja kunishika mkono getini, hakusema mengi, ila hakuuachia upesi.

Nikaenda kuzungumza na mzee mwenyewe. Mimi mama yangu ni mtu wa Faza na baba yangu mfugaji wa Ijara, kwa hiyo Kiswahili nilipewa na mmoja na ngamia nikapewa na mwingine, na najua namna ya kukaa mbele ya mtu kama yule. Hakuwa mkaidi. Alikuwa na jambo moja lililomkosesha usingizi: usiku, mlango wa bweni unafungwa na nani? Nikamweleza. Akanisikiliza, kisha akasema kwa heshima kwamba mimi ni mwalimu mzuri lakini shule si yangu. Alitaka alisikie kutoka kwa mwenye shule. Nikamwambia, adeer, njoo kwenye mkutano wa wazazi, umsikie Mkuu kwa masikio yako. Adeer ni baba mdogo, ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu. Akakubali. Akaahidi kwamba siku hiyo atamleta binti bwenini na sanduku lake, na akiridhika, atabaki.

Nikamwendea Mkuu, nikamweleza yote. Nikamwambia kuna mzee mmoja, ana swali moja, mjibu vizuri tumpate mtoto. Mkuu akatabasamu, akaninyoshea ile simu ya pili. Alikuwa amepata kifurushi kipya. Kilikuwa na mkutano mzima wa wazazi ndani yake, kuanzia dua ya kufungua hadi utani wa kufungia, na kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Akasema safari hii hatutakuwa na wasiwasi wowote, kila kitu kipo tayari.

Siku ya mkutano wazazi walijaa. Wanaume mbele na bakora zao, akina mama nyuma na watoto wachanga. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyeshindwa kuzungumza Kisomali, isipokuwa mwalimu wetu wa michezo, naye alikuwa nje anatafuta viti. Lakini kifurushi kilikuwa cha Kiswahili, kwa hiyo mkutano ukaendeshwa kwa Kiswahili. Mkuu akasimama na makaratasi yake, akatangaza kwamba tutaanza kwa kuvunja barafu. Wazee wakageukiana. Mmoja akauliza taratibu kama kuna kitu cha baridi kinaletwa, maana joto lilikuwa limezidi.

Baba wa msichana hakungoja. Alinyanyuka, akaegemea bakora yake. "Maalim, mimi nauliza kitu moja tu. Usiku, mlango ya bweni nafunga nani?"

Nikamtazama Mkuu nikimsihi kwa macho. Jibu alikuwa nalo. Mlango unafungwa na mama mmoja mtu mzima wa jikoni, mjane, analala kizingitini kabisa, na ufunguo anaufunga kwenye ncha ya shuka yake. Kila mtu pale shuleni anamjua. Sentensi mbili tu, kisha tunywe chai.

Mkuu akasema hilo ni swali zuri sana. Akatoa karatasi kubwa, akaibandika ukutani, na juu yake pameandikwa MAEGESHO YA MASWALI. Akamwandikia mzee swali lake humo, akamweleza kwamba litajibiwa kwenye kipengele cha mwisho. Wallahi nimeona magari yakiegeshwa, nimeona na punda akifungwa kwenye mti, lakini sijapata kuona mzee mzima akiegeshwa ukutani. Nikasimama nimjibu mwenyewe. Mkuu akaniashiria nikae. Kifurushi kilisema mkutano una mwezeshaji mmoja.

Kisha akaingia kwenye lile zoezi la barafu. Akabandika karatasi nyingine, akatoa vibandiko vya rangi. Kila mzazi asimame, ajitambulishe, ataje ana watoto wangapi na ngamia wangapi, kisha aje achukue kibandiko: kijani kwa wenye ngamia wengi, manjano kwa wa kadiri, nyekundu kwa wasio na kitu. Eti tujuane. Baadaye niliiona ile karatasi. Huko ilikotoka pameandikwa ng'ombe wa maziwa. Mkuu alikuwa amekata kwa kalamu, akaandika juu yake kwa mkono wake mwenyewe: ngamia. Katika kifurushi chote hilo ndilo neno pekee alilolifanyia kazi, na ndilo lililotuangamiza.

Kwetu mtu haulizwi ana ngamia wangapi. Haulizwi na rafiki wala na mkwewe. Idadi ikitajwa hadharani inaita jicho, na jicho likishaingia zizini halitoki bure. Hata mwenyewe hawahesabu kwa kidole. Anawatazama jioni wakirudi, na moyo unamwambia nani hayupo. Ukimbana sana atakujibu, alhamdulillahi, wapo. Na watoto ni hivyohivyo. Mambo haya hayafundishwi darasani, mtu anayanyonya. Mkuu wetu aliyanyonya Wajir kabla hajaota meno, na sasa amesimama mbele ya wazee wenzake ameshika vibandiko.

Hakuna aliyekifuata kibandiko. Mama mmoja nyuma akamvuta mwanawe, akamfunika na shela. Mkuu akafikiri hawajaelewa, akarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, polepole, neno kwa neno, na akamnyoshea mkono yule yule baba wa msichana ili awe wa kwanza.

Mzee akanyanyuka tena na bakora yake. "Maalim," akasema, "hii maneno ni yako ama ni ya karatasi?"

Mkuu angeweza kujiokoa hapo. Angecheka, angesema astaghfirullah, angeitupa ile karatasi chini, na watu wangemcheka wakamsamehe. Akasema huo ndio utaratibu.

"Unasoma fizuri sana," mzee akamwambia. Akatoka. Hakutoka kwa hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu. Akavuka uwanja taratibu mpaka bwenini, akasimama mbali kidogo na mlango kama inavyompasa mwanamume, akamwita binti yake kwa jina. Msichana akatoka na sanduku lake la bati kichwani. Akapita mbele yangu. Hakulia, akatazama tu mbele. Mimi ndiye niliyelia, nyuma ya tangi la maji, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mkutano haukufika kwenye kipengele cha mwisho. Wazee walitawanyika mmoja mmoja wakisema wana shughuli. Nilimkuta Mkuu ofisini anajaza ukurasa wa tathmini, ule wa kuchagua sura inayocheka au inayonuna. Alikuwa ameweka alama kwenye sura ambayo si ya kucheka wala ya kununa. Jamani, siku ile nilimtolea uvivu. Nilimwambia amefukuza mtoto bora kuliko wote waliopita darasani kwangu, na amemfukuza kwa vibandiko. Nilimwuliza kama baba yake marehemu angeulizwa idadi ya ngamia wake mbele ya akina mama, angefanya nini. Akainamisha kichwa. Kidogo nikamwonea huruma. Kisha akafungua simu ya pili, akatafuta, uso ukamchangamka. Akanionyesha: kulikuwa na barua ya kuomba radhi. Mpendwa mzazi au mlezi, jaza jina hapa.

Nikamwambia mzee yule hajui kusoma. Akasema ipo pia ya sauti.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilimwambia kesho alfajiri tunakwenda nyikani mimi na yeye, na akikataa nitaomba uhamisho, na darasa la sita atalifundisha yeye na shamba lake la majani chai. Akakubali.

Tulikwenda na gari lake. Kijiji kimoja tukakipita, na kingine, kisha simu ikapoteza mtandao, na hapo Mkuu akaanza kutokwa na jasho. Alikuwa amepanga kuisoma ile barua. Alijaribu kuifungua mara kadhaa huku anaendesha, mpaka nikaichukua simu, nikaiweka mkobani mwangu chini ya kanga. Akaniuliza sasa atasema nini. Nikamwambia hata mimi sijui.

Tulimkuta mzee anaangalia wanawe wakikunja mikeka ya nyumba. Siku ya pili yake wangekuwa hawapo. Mkuu akashuka, akasalimia, akakaa chini bila kukaribishwa kwenye kigoda. Na hapo nikamwona yule mtu wa kwenye mkeka. Alizungumza Kisomali cha kwao, bila karatasi. Aliuliza habari za malisho. Aliuliza kuhusu maji, amani ya njia, ngamia jike aliyezaa, kama maziwa yanashuka. Aliuliza juu ya kila kitu cha zizi lile na hakuna hata mara moja alipogusa idadi. Chai ikaletwa. Baada ya chai akasema kwamba alimwuliza mzee swali ambalo yeye mwenyewe akiulizwa angepigana. Akasema mama yake aliye Wajir akisikia, hatamfungulia mlango. Mzee akacheka kidogo, kwa pua.

Kisha Mkuu akalijibu lile swali. Akamweleza yule mama wa jikoni ni nani, wa ukoo gani, mumewe alikuwa nani, na ufunguo unalala wapi. Mzee alisikiliza yote. Akapepea nzi, akauliza, "Na binti yako wewe analala wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mkuu ana binti darasa la tano pale pale shuleni, na kila jioni binti huyo hubebwa na gari kurudi nyumbani kwao, kwenye feni na televisheni. Kila mtu anajua. Hakuna kifurushi duniani chenye jibu la swali hilo.

"Nyumbani kwangu," Mkuu akasema. Kisha akasema, "Kuanzia leo atalala bwenini. Kitanda chake kitakuwa ubavuni mwa kitanda cha binti yako. Likimpata wako, na wangu limempata."

Mzee akaweka kikombe chini. Aliita jina la binti yake. Msichana akatoka nyuma ya mzigo wa mikeka, na sanduku la bati alikuwa amelishika tayari. Mama yake akaja mpaka kwenye gari, akanishika mkono kama siku ile ya getini. Mzee alikuwa na sharti moja tu, kwamba karatasi zile za rangi asizione tena. Mkuu akaapa.

Tukarudi. Nilikuwa nimekaa mbele, moyo mweupe, najiambia kwamba mtu huyu leo amezaliwa upya, na kwamba nimemsema vibaya miaka yote bure. Nilikuwa tayari hata kumwomba msamaha. Tulipokaribia barabara kubwa mtandao ukarudi, na mkobani mwangu simu ya pili ikaanza kulia mfululizo kwa vifaa vilivyokuwa vinangoja. Mkuu akanyosha mkono, nikampa.

"Abaayo," akasema, macho yanamng'aa, "yale maneno niliyomwambia mzee, unayakumbuka? Tukifika yaandike yote, vizuri, kwa mpangilio. Na lile la kitanda, liandike. Nitayarusha kwenye grupu. Walimu wakuu wengi wana shida hii hii, wayapate yakiwa tayari."

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikosa tusi.

Kiti cha nyuma msichana akakohoa kidogo. "Mwalimu Mkuu," akauliza kwa adabu kabisa, "na hao walimu wakuu wengine, kwenye kitanda cha pili watamlaza nani?"

Nikageuka. Alikuwa amelikumbatia sanduku lake na anangoja, na yale macho yake makubwa. Mkuu akamtazama kwenye kioo. Simu ikalia tena, akaizima, akaitia mfukoni, na tukaenda mpaka tukapita shuleni, tukafika nyumbani kwake, ambako alishuka peke yake kwenda kumwambia mkewe atandue kitanda cha binti yao.